Kotisoli ya mkeo imesoma 34: je, ni mkopo wako uliompandisha presha?

Swali lenyewe ni refu, nimelifupisha na nimetoa vitu ambavyo vingemtambulisha mwenyewe:

"Dokta shikamoo. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Arusha, Kijenge. Mke wangu ana mimba ya kwanza, wiki 31. Wiki iliyopita kichwa kilikuwa kinamuuma nikampeleka maabara moja ya mtaani, wakampima vitu vingi pamoja na homoni ya stresi, kotisoli, ikasoma 34 na karatasi imeandikwa kawaida ni 5 mpaka 25, pembeni kuna mshale mwekundu unaangalia juu. Siku mbili mbele kliniki presha ikawa 152/98, mkojo una protini plasi mbili, wamemlaza. Sasa mama mkwe amekuja kutoka Marangu anasema mbele za watu kwamba ni mimi nimempa binti yake mawazo, maana nilichukua mkopo wa kausha damu kutengeneza gari na wale jamaa walikuwa wanampigia yeye simu nikiwa porini. Je ni kweli homoni ya stresi ndo imeleta kifafa cha mimba? Nifanyeje ishuke? Na mbona wodini wamemchoma sindano nne za deksa, nimesoma kwamba nayo ni ndugu ya hiyo hiyo kotisoli, si wanazidi kuongeza?"

Marahaba kaka, pole sana, na mpe pole mama.

Nianze na jibu halafu ndo nieleze, maana najua hapo ulipo huna usingizi. Hapana, mkopo wako haukuleta hii presha. Ile 34 kwa mama wa wiki 31 ni namba ya kawaida kabisa, na aliyekosea ni yule aliyechapisha karatasi na vipimo vya kawaida vya mtu asiye na mimba. Na deksa, yaani deksamethasoni, wamemchoma kwa ajili ya mtoto, walifanya sawa sawa, ningekuwa mimi pia ningefanya hivyo hivyo.

Sasa hiyo namba. Kotisoli inatoka kwenye tezi mbili zinazokaa juu ya figo kama kofia, kazi yake ni nyingi kuliko hilo jina la homoni ya stresi, inashikilia sukari ya damu, inashikilia presha isidondoke, ndo inayokuamsha asubuhi. Saa mbili asubuhi iko juu, usiku wa manane iko chini, kwa hiyo hata kwa mtu wa kawaida namba bila saa iliyochukuliwa haisemi kitu, na nakuhakikishia kwenye karatasi yako saa haijaandikwa, angalia. Kwa mjamzito ni habari nyingine kabisa. Miezi mitatu ya kwanza kotisoli ya damu inaanza kusogea, miezi ya katikati inaweza kufika 40 na kitu, miezi mitatu ya mwisho vitabu vyetu vinakubali kuanzia 12 mpaka 50 kwa kipimo hicho hicho cha mikrogramu kwa desilita. Mpaka anakwenda kujifungua mama mzima, mwenye furaha zake, asiyedaiwa hata mia, kotisoli yake imeshakuwa mara mbili mpaka tatu ya ile aliyokuwa nayo kabla ya mimba. Mkeo na 34 yake yuko katikati ya msafara.

Kwa nini inapanda hivyo? Sababu ni mbili. We ni dereva ntakueleza kwa lugha ya gari. Kotisoli kwenye damu haitembei kwa miguu, sehemu kubwa inapanda gari, kuna protini inayotengenezwa na ini kazi yake ni kuibeba. Ikiwa ndani ya gari haifanyi chochote, ni kama mgeni wako aliyeko ndani ya Landkruza, simba anamwona lakini hana habari naye. Inayofanya kazi ni ile iliyoshuka chini, na hiyo ni sehemu ndogo tu. Sasa mimba inaleta estrojeni nyingi na estrojeni inaliambia ini liongeze magari, magari yakiongezeka abiria wanaongezeka, na mashine ya maabara yenyewe inahesabu wote kwa pamoja, walioko ndani ya gari na walioshuka. Hiyo ni sababu ya kwanza na inaeleza sehemu kubwa ya ile 34.

Ya pili ndo tamu zaidi, na mimi nikifundisha wanafunzi hapa Moshi huwa nachelewa kutoka darasani kwa ajili yake. Kwa kawaida ubongo unatoa homoni inaitwa CRH, inaamsha tezi ndogo chini ya ubongo, nayo inaamsha zile kofia za figo zitoe kotisoli, kotisoli ikitosha inarudi kuuambia ubongo basi inatosha, zima. Mfumo wa kujizima wenyewe. Halafu inakuja mimba, na kondo la nyuma, hiyo nyama ambayo tunaizika nyuma ya nyumba kwenye migomba, lenyewe linaanza kutengeneza CRH yake, ile ile, na kufika miezi ya mwisho linamwaga kwenye damu ya mama kwa kiasi ambacho ubongo haujawahi kufika. Na kwenye kondo ule mfumo wa kujizima umegeuzwa, kotisoli ikipanda kondo linazidi kutoa CRH badala ya kupunguza. Kwa hiyo homoni inapanda taratibu mpaka siku ya kuzaa, imepangwa hivyo, inasaidia kumkomaza mtoto na kuandaa uchungu, na kondo likishatoka tu CRH inashuka haraka sana.

Sasa hapa ndo watu wengi wanashangaa: mama wa miezi ya mwisho, ukimtisha au ukimpa mtihani mgumu, mwili wake unaruka kidogo kuliko wa mwanamke asiye na mimba. Kengele ya stresi inapunguzwa sauti. Yaani homoni iko juu lakini kushtuka kumepungua. Kwa hiyo ile hesabu ya mama mkwe, simu za wadai zikaleta mawazo, mawazo yakaleta homoni, homoni ikaleta presha, imekatika tangu hatua ya pili.

Basi presha imetoka wapi.

Imetoka kwenye kondo. Naomba unisikilize hapa vizuri. Mwanzoni mwa mimba, miezi ambayo tumbo hata halijaonekana, chembechembe za kondo zinaingia kwenye mishipa midogo ya damu ya mfuko wa uzazi na kuipanua, zinavunja kuta zake ngumu, mshipa uliokuwa mwembamba kama mrija unakuwa mpana na mlegevu. Mama mkwe wako wa Marangu atakuelewa haraka ukimwambia habari za mfongo, ule mfereji wa Wachaga wa kumwagilia. Mfongo ukichimbwa vizuri, mpana, maji yanakuja taratibu na kila mgomba unapata. Mfongo ukibaki mwembamba maji yanakuja kwa kasi yanachimba yanaharibu kingo, halafu kule mwisho wa kihamba, shamba la migomba, pamekauka. Kwenye ugonjwa wa mkeo, presha ya mimba, hasa unaokuja mapema kama huu wa wiki 31, mara nyingi mifongo haikupanuliwa vya kutosha. Kondo linapata damu kidogo na kwa fujo, linateseka, likiteseka linamwaga vitu kwenye damu ya mama. Kimojawapo kinaitwa sFlt-1, kilielezwa vizuri mwaka 2003 na watafiti wa Boston, kazi yake mbaya ni kukamata zile protini zinazotunza ngozi ya ndani ya mishipa ya damu. Mishipa ya mama mwili mzima ikikosa matunzo inabana, presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, ini linauma, macho yanaona nyota nyota, na ubongo ukifikiwa ndo degedege, kifafa chenyewe.

Ona basi, ule mkojo wenye protini plasi mbili. Hamna mkopo duniani unaoweza kufanya figo zivujishe protini namna hiyo. Mtu mwenye hasira au hofu presha yake inaweza kuruka ikafika 145 na baada ya kukaa chini dakika kumi ikashuka, mimi mwenyewe nikitoka kwenye Hiace ya Himo iliyojaza mpaka mlangoni ukinipima hapo hapo utaniandikia dawa. Lakini figo haziongopi.

Sasa kuhusu hizo homoni zenyewe kwa wagonjwa wa presha ya mimba, watu wamezipima miaka mingi. Kama mawazo ndo yangekuwa chanzo tungetegemea kotisoli ya wagonjwa iwe juu sana kuliko ya wajawazito wazima, si ndio? Matokeo hayako hivyo. Kuna tafiti zimekuta iko sawa, nyingine imekuta iko chini kuliko ya wazima, nyingine juu kidogo, na kwa baadhi ya wagonjwa yale magari ya kubebea yamepungua kwa hiyo hesabu nzima inavurugika. Ndo maana hakuna daktari anayejua kazi yake atakayegundua ugonjwa huu kwa kupima kotisoli. Kinachojirudia zaidi ni vitu viwili, na vyote viko kwenye kondo. CRH ya kondo inakuwa juu kuliko kawaida kwa umri ule wa mimba. Na geti limelegea.

Geti ni hivi. Mtoto hatakiwi kuogelea kwenye kotisoli ya mama, ikiwa nyingi inamzuia kukua. Kwa hiyo kondo limeweka askari, kimeng'enya fulani, kila kotisoli inayotaka kuvuka kwenda kwa mtoto anaigeuza kuwa kotisoni ambayo haina nguvu. Kama pale Naabi, geti la Serengeti, bila kibali hupiti. Kwa mimba nzima yenye afya askari anafanya kazi vizuri mpaka kotisoli ya mtoto inabaki kama sehemu moja ya kumi ya ile ya mama. Kwenye presha ya mimba tafiti nyingi zimekuta huyo askari amepungua nguvu, kwa hiyo kotisoli ya mama ile ile ya kawaida inapita kwa mtoto zaidi ya inavyotakiwa, na inawezekana hiyo ni sehemu ya sababu watoto wa mimba hizi wanazaliwa wadogo. Yaani kama unataka kabisa kumjua mwenye stresi kwenye hii habari, ni kondo. Mkeo ni mwenye nyumba ambaye mpangaji wake amewasha moto.

Na kuna stresi ya aina nyingine ambayo hiyo kweli iko juu kwa hawa kina mama, nisikufiche. Ni ya neva. Mwaka 1996 watafiti wa Ujerumani walichomeka sindano nyembamba kwenye neva za mguu za wajawazito wakasikiliza zile neva zinazobana mishipa ya damu, wenye presha ya mimba neva zao zilikuwa zinapiga zaidi ya mara tatu ya wajawazito wazima. Na baada ya kujifungua zikatulia. Mtu akisoma haraka haraka atasema si unaona, ni stresi. Lakini zile neva haziamriwi na mawazo yako ya marejesho, ni mwili wenyewe unabana mishipa, na ugonjwa ukiisha zinaacha.

Je mawazo hayana madhara kabisa? Hapo nitakuwa muwazi ili usije ukaniona natetea wanaume. Ziko tafiti zinazoonyesha kina mama wenye msongo mkubwa wa muda mrefu, sonona, vipigo ndani ya nyumba, wanapata presha ya mimba kidogo zaidi ya wengine, ila ni vigumu kutenganisha msongo wenyewe na vitu vinavyotembea nao, kama kutokula vizuri, kukosa nauli ya kliniki, kukosa usingizi, uzito. Mama anayepigiwa simu na wadai saa kumi na mbili asubuhi anateseka, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya wewe kulimaliza. Chukua laini yake ukae nayo wewe, waambie wale jamaa wakupigie wewe, basi. Lakini usilimalize kwa kudhani unatibu presha.

Ngoja nikwambie kwa nini nalichukia hili neno "mawazo" likitumika kwenye presha ya mimba. Miaka ya nyuma nikiwa daktari mchanga kabisa, kwenye hospitali moja sitaitaja, alikuja mama ana mimba ya miezi saba kichwa kinamuuma, mume wake alikuwa amefariki hata arobaini haijaisha. Presha 142/92. Nilimwangalia ile kanga nyeusi nikajijibu mwenyewe. Nikamwambia mama ni mawazo, kapumzike, unywe panadol, urudi wiki ijayo. Sikupima mkojo, kijiti kilikuwa kwenye kopo mezani, umbali wa mkono wangu. Alirudishwa baada ya siku mbili kwenye pikapu ya jirani anatetemeka mwili mzima, ulimi ameung'ata. Yeye alipona. Mtoto hapana. Nilikuwa na ushahidi wote mbele yangu na neno moja likanifunga macho, na mpaka leo mwanafunzi wangu akiandika kwenye faili la mjamzito "mawazo" kabla hajaandika mkojo nalichana hilo karatasi mbele yake, wananiona mkali, waache wanione.

Kwa hiyo wewe mama mkwe anapolaumu, kosa lake kubwa si kukuonea. Ni kwamba akiamini ni mawazo, siku mkeo yuko nyumbani amejifungua kichwa kikianza kumuuma atamwambia lala mwanangu, unawaza. Hapo ndo watu wanafia. Presha hii inaweza kuendelea au hata kuanza baada ya kujifungua, hasa siku zile za kwanza, mpaka wiki sita. Mama amefungiwa ndani ananyweshwa mtori, kila mtu anaangalia mtoto, hakuna anayempima.

Sindano za deksa sasa. Umeuliza vizuri na umesoma vizuri, ni kweli ni ndugu ya kotisoli, tena ndugu mwenye nguvu zaidi. Mtoto akikaribia kuzaliwa kwa wakati wake kotisoli yake mwenyewe inapanda, hiyo ndo inakomaza mapafu yaweze kufunguka. Wa wiki 31 hajafika huko. Bwana mmoja wa New Zealand, Graham Liggins, alikuwa anachunguza kondoo kwa ajili ya mambo ya uchungu, akaona wanakondoo waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa dawa za jamii hii wanapumua wakati walitakiwa kufa, akajaribu kwa kina mama na mwenzake Ross Howie wakachapisha mwaka 1972, na tangu hapo watoto njiti wasiohesabika wamepona. Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika nchi tano, Kenya ikiwemo, ulithibitisha kwamba deksa inafaa hata kwenye hospitali za nchi kama zetu. Na wanatumia deksa kwa sababu yule askari wa getini hana uwezo mkubwa nayo, nyingi inapita. Kotisoli ya kawaida angeigeuza. Ni miligramu 6 kila baada ya saa 12 mara nne, ndo zile nne ulizoona. Haimwongezei mkeo presha kwa maana unayoogopa, sukari yake inaweza kupanda siku mbili tatu na chembe nyeupe za damu zikapanda pia, usishtuke. Na usirudie kupima kotisoli saivi, deksa inazizima zile tezi kwa muda kwa hiyo safari hii ungeletewa karatasi yenye mshale unaoangalia chini, mngeanza kutafuta mchawi mwingine.

Kwa hiyo kotisoli kwa mjamzito haipimwi kamwe? Inapimwa, mara chache sana, tukihisi tezi zina uvimbe au zimekufa. Mama ana michirizi mipana ya zambarau, si ile ya kawaida ya tumbo, ngozi inavilia damu akiguswa tu, mapaja hayana nguvu hata kunyanyuka kwenye kigoda ni shida. Hapo tunapima, na tunasoma kwa vipimo vya mjamzito. Na kwa kuwa tumegusa ngozi, kama kuna krimu anapaka za kung'arisha, mkorogo, zile zenye klobetasoli, waambie madaktari bila aibu. Hizo ni dawa za jamii hii hii zinapita kwenye ngozi, zikipakwa nyingi mwili mzima zinahusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Sisemi anapaka. Nauliza kwa sababu kwenye kliniki ya mjini hapa tukiuliza wote wanasema hapana halafu viganja vya mikono vinasema ndiyo.

Sasa kazi yako. Usimtoe pale alipo ukaanza kumzungusha. Presha 160/110 ni dharura, dawa inatakiwa iingie ndani ya nusu saa mpaka saa moja, na huo mwendo kwenye foleni ya Sakina huna. Wodini utaona wanampa vidonge vya presha, wakiona dalili ni kali watampa magnesiamu, gramu 4 taratibu kwenye mshipa na 10 kwenye makalio, tano kila upande. Inauma na mwili unawaka moto kama mtu aliyekaa karibu na jiko la mkaa, mwandae. Halafu utamwona nesi anakuja na nyundo ndogo anamgonga goti, anahesabu pumzi, anaangalia mfuko wa mkojo. Hachezi, magnesiamu ikizidi goti linaacha kuruka kabla pumzi haijaathirika. Mwaka 2002 ulitoka utafiti wa kina mama zaidi ya 10,000 kwenye nchi 33, dawa hii ilipunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Ni ya bei ndogo, imekaa kwenye kabati miaka mingi, na naipenda kuliko mashine nyingi za mamilioni.

Tiba yenyewe ni kondo kutoka. Madaktari wake kila siku wanapima mizani, siku moja zaidi tumboni ni faida kwa mtoto, lakini presha ikigoma, chembe za kugandisha damu zikishuka, ini likianza kuharibika au mtoto akichoka, watamzalisha hata kama ni wiki 32, usiwabishie. Wewe ukiwa naye mwulize kila siku kama kichwa kinagoma panadol, kama anaona vimulimuli, kama chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia panauma, kama mtoto anacheza kama jana. Jibu lolote baya, mwite nesi saa hiyo hiyo, usisubiri raundi ya asubuhi.

Akirudi nyumbani nunua mashine ya presha ya mkono, ya mkanda wa juu ya kiwiko, acha zile za kifundo. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu chini, ametoka kukojoa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, na mama mkwe pia asiongee. Asubuhi na jioni, andika kwenye daftari. Ikifika 140/90 rudini mwonwe, ikifika 160/110 ni kuondoka na nguo mlizovaa.

Mimba ijayo, Mungu akijalia, aanze kliniki mapema mno. Kwenye daftari la vizazi la KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, linaloandikwa tangu mwaka 2000 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei, waliowahi kupata tatizo hili kama robo walilipata tena kwenye mimba iliyofuata. Kwa hiyo aspirini ya dozi ndogo ianze kabla ya wiki 16 kwa maelekezo ya daktari, na kalsiamu, maana chakula chetu hakina ya kutosha kama hanywi maziwa. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa kina mama 11,000 wa Dar es Salaam na wengine 11,000 wa India, wote mimba ya kwanza, miligramu 500 kwa siku zilizuia ugonjwa huu vizuri tu kama zile 1,500 za zamani, kwa hiyo hata kumeza kumekuwa rahisi. Na presha yake apime kila mwaka maisha yake yote, wanawake hawa moyo na kiharusi vinawapata kama mara mbili ya wenzao.

Halafu kama bado unataka kulaumiwa kwa kitu, nikupe cha kisayansi. Kondo linajengwa kwa jeni za baba pia, nusu yake ni wewe. Mwaka 2001 kule Utah, Marekani, walikuta mwanaume ambaye mama yake alipata presha hii akiwa na mimba yake, ana uwezekano mkubwa zaidi wa mke wake kuipata. Kwa hiyo mpigie mama yako mzazi, siyo mama mkwe, umuulize kwa upole mimba yako ilikuwaje, alivimba, alilazwa, ulizaliwa na kilo ngapi. Atakachokwambia kaandike nyuma ya kadi ya kliniki ya mkeo ili mimba ijayo daktari akikute hapo. Lile karatasi la kotisoli we litumie kufungia karanga.